Kinoleo cha kubana kisu: nichukue kipi, au nijifunze mkono tu?

#1 Nusu Digrii
Wakuu, salaam. Nimechoka na kile kidude cha kuvuta kisu katikati ya vipande viwili vya kabaidi, ile metali ngumu sana. Kinatafuna chuma, makali yanabaki na mapengo, na ubapa unazidi kuisha bila sababu. Sasa nataka kinoleo kinachoshika pembe chenyewe. Nimebakiza hivi: Lansky, Work Sharp Precision Adjust, KME, Edge Pro Apex na Spyderco Sharpmaker.

Halafu niseme ninachoamini ili mnikosoe: anayenoa kwa mkono mtupu anabahatisha. Kisu kilichonolewa kwa kibanio kitatunza makali kuliko cha mkono, kila mara. Anayepinga aje na sababu, matusi ayaache mlangoni.

#2 Fundi Tupa
Mchagua jembe si mkulima. Chukua jiwe moja, kaa chini, noa. Uzi ufungwe.

#3 Mwanagenzi
Naweka kambi hapa, na mimi nina swali hilo hilo.

#4 Bi Kinoo
Karibu mwanangu. Kabla watu hawajaanza kurushiana majina ya mashine, tuambie una visu gani na vya chuma gani. Kinoleo kinachofaa kisu cha mfukoni kinaweza kukutoa jasho kwenye kisu kirefu cha jikoni.

#5 Nusu Digrii
Shukrani mama. Vya jikoni viwili vya Kijerumani, ubavuni vimeandikwa X50CrMoV15. Kimoja cha Kijapani cha VG-10. Na cha mfukoni kimoja cha S30V, hicho ndicho kinaniumiza kichwa zaidi.

#6 Jiliwa
Haya, nimepitia karibu vyote ulivyotaja, nakupa ninavyoviona.

Lansky: kibanio kidogo chenye matundu ya digrii 17, 20, 25 na 30. Jiwe linakaa kwenye ufito, ufito unapita tunduni. Rahisi kueleweka, inabebeka, lakini kibanio ni chembamba na kisu kirefu inabidi ukibane mara mbili. Kila ukibana upya, pembe haiwi ile ile kabisa.

Work Sharp Precision Adjust: wazo lile lile, ila pembe unaizungusha kwa skrubu kutoka 15 hadi 30, na kibanio kinageuka bila kufungua kisu. Mawe yake ni almasi namba 320 na 600 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), na kauri. Kwa anayeanza ni nzuri. Plastiki yake inalegalega kidogo ukikandamiza, kwa hiyo usikandamize.

KME: kibanio kigumu zaidi, kinageuka vizuri. Hii kwa visu vya mfukoni naipenda kuliko zote za ukubwa wake.

Edge Pro: haina kibanio kabisa. Kisu unakilaza mezani unakishika kwa kidole, mkono mwingine unasukuma jiwe. Kwa kisu kirefu ndiyo raha yake, kwa sababu unakisogeza tu, hubani upya. Inataka mazoezi. Na kuna nakala zake nyingi za bei ya chini ambazo mguu wake unayumba. Nakala ikiyumba umenunua pembe ya kubahatisha ile ile uliyoikimbia.

Juu ya hapo kuna Wicked Edge yenye mikono miwili, unanoa pande zote kwa zamu, na Hapstone ya Ukraine na TSPROF ya Urusi. Hizo ni za mtu ambaye kunoa kumeshakuwa ugonjwa.

Kasoro moja ya vibanio vyote: kadiri jiwe linavyokwenda mbali na kibanio, ufito unarefuka, kwa hiyo pembe inashuka njia nzima hadi nchani. Zingatia hilo.

#7 Kauri Nyeupe
Mbona Sharpmaker mmeiruka? Mawe ya kauri ya pembetatu yanasimama yameinama, wewe unashusha kisu kikiwa wima. Hakuna kubana, hakuna skrubu. Dakika chache umemaliza, kavu kabisa, bila maji wala mafuta.

#8 Mwanagenzi
Lakini Sharpmaker ni digrii 30 na 40, si kubwa mno? Lansky ni 17.

#9 Kauri Nyeupe
Hapana mkuu. 30 na 40 ni jumla ya pande mbili, yaani 15 na 20 kila upande. 17 ya Lansky ni ya upande mmoja. Ukinunua kinoleo chochote, cha kwanza uliza namba iliyoandikwa ni ya upande au ya jumla. Watu wamegombana kurasa nzima kumbe wanasema kitu kimoja.

#10 Fundi Tupa
Na kukishikilia kisu wima ni kwa kutumia nini? Mkono. Basi huo nao ni mkono mtupu, umeongezewa vijiti.

#11 Kauri Nyeupe
Wima macho yanaiona, Fundi. Digrii 15 juu ya jiwe la bapa haionekani kwa macho ya mtu yeyote.

#12 Nusu Digrii
Ngojeni kwanza. Wiki hii niliazima Lansky ya rafiki. Nikanoa kisu kimoja cha Kijerumani kwenye tundu la 17, kikanyoa nywele za mkono safi kabisa, nikafurahi. Kesho yake hakikati hata karatasi. Kazi kilichofanya ni ya kawaida tu, ubao wa mbao. Hiyo imekaaje? Na mimi ndiye niliyesema kibanio kinatunza makali!

#13 Fundi Tupa
Jibu umelibeba mwenyewe. X50CrMoV15 ni chuma laini, kama 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Umekipa 17 kila upande, makali yamekuwa membamba yakajikunja. Kipe 20, kwaheri.

#14 Bi Kinoo
Pole pole. Kunyoa nywele jioni na kufa asubuhi, mimi kwanza ningeshuku ule unywele wa chuma. Ukinoa upande mmoja hadi mwisho, chuma chembamba kinasukumwa na kujikunja upande wa pili. Ukigeuza kisu unausukuma urudi, hauukati. Unabaki umesimama wima juu ya makali, mwembamba kuliko karatasi, na unanyoa vizuri ajabu. Kisha unagusa ubao mara chache unavunjika au kulala, na chini yake hakuna makali, pana ukingo butu.

Pitisha kidole kutoka ubapani kuelekea nje, kamwe si kwa urefu wa makali. Kikikwama upande mmoja na upande wa pili kinateleza, unywele upo. Kuumaliza: jiwe lako la mwisho, uzito wa jiwe lenyewe tu, pitisha mara moja upande huu, mara moja upande ule, ukielekeza jiwe dhidi ya makali. Halafu ukanda wa ngozi wenye dawa ya kijani ya oksidi ya kromi. Profesa John Verhoeven wa Chuo Kikuu cha Iowa State mwaka 2004 aliyapiga picha makali ya visu kwa hadubini ya elektroni, na kwenye picha hizo unaona ngozi yenye dawa hiyo inavyousafisha huo unywele.

#15 Nusu Digrii
Nilipitisha ngozi mama. Ila ilikuwa ngozi tupu, bila dawa.

#16 Chuma Moto
Mimi naona tofauti na nyote wawili. Viwandani makali yanawekwa kwenye mkanda mkavu unaokwenda kasi. Ile milimita ya mwisho kabisa ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia, chuma kinapoteza ugumu wake. Ndiyo maana visu vingi vipya havitunzi makali mpaka uvinoe mara kadhaa na kukifikia chuma kizima. Endelea kunoa, kitatulia.

#17 Nusu Digrii
Kisu si kipya, mkuu. Kimepita mara nyingi kwenye kile kidude cha kabaidi, hicho chuma cha kiwandani kimeshaliwa zamani.

#18 Chuma Moto
Basi kabaidi nayo imekichakaza. Chuma kilichoraruliwa na kukunjwa mara nyingi kinachoka. Msimamo wangu uko palepale: toa chuma zaidi.

#19 Fundi Tupa
Chuma Moto jibu lake kwa kila ugonjwa ni kutoa chuma. Siku moja utabaki na mpini.

#20 Hesabu Tu
Nimechelewa kuingia. Mambo mawili.

La kwanza, Jiliwa kwenye #6 hapo nakupinga. Kwenye sehemu ya makali iliyonyooka pembe haishuki hata kidogo, hata ufito urefuke vipi. Egemeo la ufito, yaani lile tundu unamopita, ni nukta moja, makali yaliyonyooka ni mstari mmoja. Nukta na mstari vinatengeneza bapa moja tu. Jiwe likiwa huru kujizungusha kwenye ufito, linalala kwenye bapa hilo hilo mwanzo hadi mwisho. Unachokiona kikilala ni ufito, si uso wa jiwe dhidi ya makali.

Kinachobadilisha pembe ni tumbo la kisu, pale makali yanapopinda kwenda nchani. Chukua sehemu iliyo chini kabisa ya egemeo, pima umbali wa kwenda kwenye mstari unaoyagusa makali. Egemeo likiwa sentimita 5 juu ya ubapa na umbali ukiwa 15, unapata digrii 18.4. Umbali ukifika 17 kule kwenye mpindo, umeshuka hadi 16.4. Ukibana mbali sana na ncha, mteremko wa nchani, yaani ule ukanda ulionolewa kando ya makali, unatanuka. Ukibana karibu sana na ncha, pembe inapanda na mteremko unakuwa mwembamba. Kati ya hapo kuna mahali ambapo mteremko unabaki na upana mmoja. Pakishapatikana, weka alama na utumie hapo hapo kila mara.

La pili, Nusu Digrii, hiyo 17 yako si 17. Namba ya tundu ni ya kweli kwa umbali fulani tu. Kisu cha jikoni kina ubapa mpana, makali yanakaa mbali zaidi na egemeo kuliko ya kisu cha mfukoni. Tuseme tundu limekusudiwa umbali wa sentimita 10. Ukiongeza 3, ile 17 inakuwa kama 13. Kwa chuma laini, digrii 13 kila upande ni wembe wa siku moja.

#21 Jiliwa
Kwenye karatasi nakubali. Lakini tundu la ufito si nukta, lina uwazi, na ufito unacheza ndani yake. Nikipaka wino kwenye makali naona mikwaruzo ya mwishoni imekaa tofauti na ya katikati, hata kwenye kisu kilichonyooka. Hesabu yako haijui tundu langu.

#22 Hesabu Tu
Tundu likicheza, pembe inayumba huku na huku. Wewe ulisema inashuka.

#23 Jiliwa
Kwangu inashuka.

#24 Mwanagenzi
Kupaka wino ndiyo nini wakuu?

#25 Jiliwa
Kalamu ya alama nyeusi. Unapaka mteremko wote wa makali, unapitisha jiwe mara mbili tatu, unaangalia. Wino umeondoka juu tu, karibu na ubapa: pembe yako ni ndogo kuliko iliyopo. Umeondoka pale kwenye ukingo tu: pembe yako ni kubwa. Umeondoka wote: umeipata. Fanya hivyo kila unapobana kisu, usiamini namba ya mashine.

Na nyongeza: kuna kipimo kidogo cha pembe chenye sumaku na namba za dijitali. Kiweke kwanza kwenye ubapa ukisome sifuri hapo, ndipo ukihamishie kwenye jiwe. Ukifanya hivyo hata mawe yenye unene tofauti hayakusumbui. Jiwe likizidi lingine kwa milimita 3, makali yakiwa sentimita 17 kutoka kwenye egemeo, pembe inahama karibu digrii moja. Watu wanabadilisha jiwe kisha wanashangaa jiwe laini haligusi ukingo.

#26 Kauri Nyeupe
Naona tunamtisha bure mwenye uzi. Mtu anataka kukata vitu jikoni, nyie mnampa jiometri.

#27 Mzee wa Msasa
Salaam. Mimi sina hata kimoja kati ya hivyo. Kioo bapa, msasa wa maji juu yake, kisu mkononi. Ila nimekuja kwa ajili ya Fundi Tupa na #13. Hiyo imani kwamba pembe ndogo inakufa haraka si ya kweli siku zote. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 8442-5, mashine yake ni ile ya CATRA, shirika la utafiti wa visu la Sheffield, Uingereza: kisu kinakatishwa kadi zilizochanganywa na asilimia 5 ya mchanga wa silika, wanahesabu kimekata kiasi gani. Kwenye mashine hiyo, chuma kile kile kikinolewa kwa pembe ndogo kinakata zaidi na kwa muda mrefu zaidi, si pungufu.

#28 Fundi Tupa
Mashine haigongi mfupa. Haiachi kisu kwenye sinki. Haikatii juu ya sahani.

#29 Bi Kinoo
Hapo Fundi ana hoja, ingawa hupenda kuitoa kwa nusu sentensi. Kipimo hicho kinaonyesha makali yanavyosagika. Kujikunja na kumeguka ni habari nyingine, na jikoni chuma laini hujikunja kabla hakijasagika. Mzee wa Msasa naye hajakosea. Nusu, makali yako ukiyaelekeza kwenye taa yanameta wapi? Ukiona mstari mweupe unaometa, hapo yamelala au yamekuwa mviringo.

#30 Nusu Digrii
Nimetazama sasa hivi. Yanameta vipande vipande, si mstari mzima. Karibu na mpini ni safi. Katikati yanameta, halafu nchani kidogo.

#31 Bi Kinoo
Vipande vipande ni unywele uliokatika hapa ukabaki pale.

#32 Hesabu Tu
Au ni pale ambapo pembe imekuwa ndogo zaidi.

#33 Chuma Moto
Au chuma kilichochoka. Sirudi nyuma.

#34 Mzee wa Msasa
Au ubao. Kuna mbao za mianzi na mbao zilizogundishwa ambazo ni ngumu kwa makali kuliko watu wanavyodhani. Nusu, ubao wenyewe ni wa nini?

#35 Nusu Digrii
Mianzi.

#36 Fundi Tupa
Haya, kila mtu ameshinda.

#37 Jiliwa
Turudi kwenye S30V maana imesahaulika. Ina karibu asilimia 4 ya metali ya vanadi, na kabaidi za vanadi, yaani chembe ngumu zilizomo ndani ya chuma, ni ngumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo mawe mengi ya kawaida na kauri ya Sharpmaker. Jiwe linasaga chuma kilichozizunguka, zenyewe haliziwezi. Kwa kisu hicho tafuta mawe ya almasi. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea KME au Work Sharp, almasi zinakuja nazo au zinapatikana.

#38 Kauri Nyeupe
S30V yangu inanolewa kwenye kauri ya kawaida na inakata karatasi ya gazeti bila kusita.

#39 Jiliwa
Sikusema hainoleki. Nimesema unasaga kandokando ya kabaidi. Jaribu kuibadilisha kutoka 20 hadi 15 kwa kauri hiyo, utaniambia.

#40 Kauri Nyeupe
Kubadilisha pembe kwa Sharpmaker sikushauri hata kwa chuma laini, ni kazi ya mchana kutwa. Hiyo ni ya kurudisha makali, si ya kuyaunda. Kisu chenye unene wa milimita 0.5 kwenye kiwiko, pale mteremko unapoanzia, ukitoka 20 kwenda 15 mteremko unatanuka kutoka kama 0.73 hadi 0.97. Inaonekana ndogo, lakini chuma chote hicho lazima kiondoke pande zote mbili, urefu wote wa kisu.

#41 Nusu Digrii
Kwa hiyo mnanishauri vinoleo viwili?

#42 Kauri Nyeupe
Wengi huishia hapo. Kibanio mara moja kuweka pembe, kisha Sharpmaker au ngozi katikati ya wiki. Unda 17 kwa kibanio, rudishia kwa 20 ya Sharpmaker: unagusa ukingo tu, mipitisho michache inatosha.

#43 Fundi Tupa
Mtu aliingia kutafuta kimoja, anatoka na viwili, kipimo cha dijitali na ubao mpya. Jiwe moja lingemtosha.

#44 Bi Kinoo
Fundi, wewe umenoa tangu utotoni, mkono wako umeshakuwa kibanio. Usimhukumu anayeanza. Ila Nusu, neno lako la #1 nalo punguza. Pembe ya mkono inayumba digrii moja mbili, kwa hiyo makali yanakuwa na mbinuko kidogo kwa nje. Visu vingi vimefanya kazi hivyo na kuishi miaka. Na kuna visu ambavyo kibanio hakiviwezi: vile vya Kijapani vilivyonolewa upande mmoja tu, au vile vyenye mteremko mpana unaolala wote juu ya jiwe. Hivyo vinajiongoza vyenyewe, kibanio kinaviharibia.

#45 Nusu Digrii
Cha VG-10 kimenolewa pande zote mbili, nimehakikisha. Hapa nimeegemea Edge Pro kwa vya jikoni, lakini S30V ninaitamania KME. Bado sijaamua.

#46 Jiliwa
Kisu chembamba chenye kupindapinda, kile cha kuchunia, usikibane kwenye chochote. Ukikandamiza jiwe, ubapa unakimbia na pembe inapotea. Kwenye meza ya Edge Pro angalau umekilaza.

#47 Mwanagenzi
Na kisu chenye meno je? Ninacho kimoja.

#48 Kauri Nyeupe
Sharpmaker hiyo hiyo, tumia kona ya pembetatu, si ubavu. Taratibu, mfululizo mmoja kutoka nyuma hadi mbele, jiwe liingie kila bonde la jino.

#49 Mwanagenzi
Shukrani. La mwisho basi: nimenunua jiwe la almasi la namba 600 na linakwaruza vibaya kuliko la 400 la mwenzangu. Nimeuziwa bandia?

#50 Mzee wa Msasa
Si lazima. Namba za mawe hazilingani kati ya viwango, 1000 ya Kijapani si 1000 ya msasa wa Ulaya. Mtengenezaji akikupa mikroni, yaani ukubwa wa chembe zenyewe, linganisha hizo. Halafu almasi mpya huwa na chembe zilizochomoza juu ya wenzake. Linolee chuma cha kawaida kwa muda, zitang'oka au kusawazika, na mikwaruzo itapungua.

#51 Jiliwa
Na usikandamize. Almasi imeshikiliwa na tabaka jembamba la nikeli, ukikandamiza unaing'oa.

#52 Mwanagenzi
Maji, mafuta, au kavu?

#53 Mzee wa Msasa
Maji kidogo yenye tone la sabuni, futa, kausha.

#54 Fundi Tupa
Kavu.

#55 Bi Kinoo
Yote mawili yanafanya kazi. Mafuta tu ndiyo nisingeanza nayo, yakishazoea jiwe ni tabu kurudi kwenye maji.